Valvu isiyodai wafarini: njia ya utafiti ya Alain Carpentier

Mtu akiambiwa valvu yake ya moyo imeharibika, anachouliza kwanza ni lini atafanyiwa upasuaji. Daktari wa upasuaji anasumbuliwa na swali jingine: kitawekwa nini badala yake, na mgonjwa ataishije na kitu hicho miaka thelathini ijayo? Mfaransa Alain Carpentier, aliyezaliwa Toulouse mwaka 1933 na kufanya kazi katika Hospitali ya Broussais jijini Paris, alilitumikia swali hilo karibu maisha yake yote ya kazi. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki swali hili halijafungwa. Wagonjwa wetu wengi wa valvu ni vijana, na wameugua kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, inayofuata maambukizi ya koo na kuacha kovu kwenye valvu, si kwa sababu ya uzee.

Valvu ya kwanza na deni lake

Mwaka 1960 daktari Albert Starr wa Portland, Marekani, akishirikiana na mhandisi Lowell Edwards, alianza kuweka valvu bandia ya mitrali, yaani ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyofanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Ilikuwa tufe la silikoni ndani ya kizimba cha chuma: damu ikisukuma, tufe linasogea na njia inafunguka, damu ikitaka kurudi, tufe linaziba. Watu waliokuwa wanakufa kwa kushindwa kupumua walirudi makazini.

Deni lake lilijitokeza baadaye. Damu ikigusa kitu kigeni, chembe sahani na protini za kugandisha huamka. Pembeni mwa tufe kulikuwa na sehemu ambazo damu inazunguka polepole, na damu inayotuama huganda. Kipande kidogo kikichomoka hapo kinapelekwa na aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hadi kwenye ubongo, na mtu anapata kiharusi. Carpentier ameeleza kwamba kilichomsukuma ni mgonjwa mmoja, mchoraji wa picha, aliyeokolewa na valvu ya aina hiyo kisha akaharibiwa ubongo na donge la damu.

Valvu za leo zinazoitwa za chuma zina mabawa mawili ya kaboni na ni bora kuliko tufe, lakini deni ni lile lile: wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yote. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kwa valvu ya chuma upande wa mitrali kinatakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka chini ya hapo, valvu inaweza kugandiwa na damu ikakwama. Kikipanda sana, mgonjwa anaweza kutokwa damu tumboni au kichwani. Katika kliniki zetu vinavyokivuruga vinajulikana. Metronidazo, ambayo wengi huinunua duka la dawa bila kuuliza kwa jina la Flagyl, inapandisha INR. Septrini na flukonazo nazo zinapandisha. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha kiasi kwamba dozi ya wafarini huenda ikalazimika kuongezwa maradufu au zaidi, na rifampisini ikisimamishwa bila dozi kurudishwa, mgonjwa anavuja damu. Diklofenaki huenda isibadilishe INR sana lakini inachubua tumbo, na hapo ndipo damu inapotokea. Mchicha, kisamvu na matembele havikatazwi. Kinachotakiwa ni kuvila kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, maana vitamini K iliyomo inapingana na wafarini.

Dawa mpya zisizohitaji INR hazijaziba pengo hili. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013: madonge ya damu yalikuwa mengi na kutokwa damu kulikuwa kwingi kuliko kwa wafarini. Mwenye valvu ya chuma anayeshawishiwa na mtu abadilishe wafarini kwa vidonge hivyo anawekwa hatarini.

Kutoka chumba cha upasuaji hadi kemia

Mwaka 1965 Carpentier, pamoja na Jean-Paul Binet na wenzao, waliweka kwa binadamu valvu za aota zilizotoka kwa nguruwe, zilizohifadhiwa kwa myeyusho wa chumvi ya zebaki. Damu haikuganda juu yake. Hata hivyo, baada ya muda mfupi valvu zilianza kuchakaa. Chini ya hadubini kilionekana chanzo: seli za kinga za mgonjwa zilikuwa zimeivamia tishu, na kolajeni, protini inayoipa valvu uimara wake, ilikuwa inasambaratika. Zebaki iliua vijidudu tu; haikuilinda kolajeni wala kuificha tishu isitambuliwe na mwili.

Hapa ndipo kazi yake inapotofautiana na ya wapasuaji wengi. Hakuendelea kubadilisha namna ya kushona. Tatizo lilikuwa la kikemia, kwa hiyo alisoma kemia huku akiendelea kupasua, na baadaye akapata shahada ya uzamivu katika sayansi. Fomalini ilijaribiwa ikaonekana dhaifu, kwa sababu viungo inavyotengeneza na kolajeni vinaweza kufunguka tena. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akafikia glutaraldehaidi.

Molekuli ya glutaraldehaidi ina ncha mbili zinazoweza kushika. Ncha moja inashika asidi amino iitwayo laisini kwenye uzi mmoja wa kolajeni, nyingine inashika laisini ya uzi wa jirani, na daraja hilo halivunjiki kirahisi. Viwanda vya ngozi vilishaitumia kwa sababu hiyo hiyo, ili ngozi isioze wala isilegee. Katika valvu matokeo ni matatu: kolajeni inaimarika, seli za mnyama zinakufa, na alama nyingi zinazoiamsha kinga ya mgonjwa zinafunikwa. Carpentier alizidi hapo kwa kuifunga tishu iliyotibiwa kwenye fremu iliyofunikwa kitambaa, ili daktari aweze kuishona bila kuipotosha umbo. Kwenye valvu zilizobeba jina lake kiwango cha glutaraldehaidi kilichozoeleka ni asilimia 0.625.

Baadaye utando unaofunika moyo wa ng'ombe ulichukua nafasi kubwa. Marian Ionescu alikuwa ameanza kuutumia Leeds, Uingereza, mwaka 1971. Mgonjwa Mwislamu anayeuliza kama valvu yake imetokana na nguruwe anauliza jambo la haki, na daktari anapaswa kumjibu wazi kabla ya siku ya upasuaji, kwa kuwa za ng'ombe zipo.

Valvu hizi huja kwenye chupa yenye dawa, na dawa hiyo ni sumu kwa tishu hai. Kwa hiyo kabla ya kushonwa, valvu hukoshwa kwa maji ya chumvi tasa kwenye mabakuli mawili au matatu, kila bakuli kwa dakika moja au zaidi. Baada ya hapo haiachwi ikauke hata kidogo. Muuguzi huinyunyizia maji mpaka shughuli iishe, kwa sababu kolajeni iliyokauka hupasuka.

Kisha likaja tatizo la pili, kalisi, madini yanayojenga chokaa. Ncha za glutaraldehaidi ambazo hazikupata cha kushika hubaki wazi na kuvuta kalisi. Seli za mnyama zilizokufa haziwezi tena kuisukuma kalisi nje, na mafuta ya kuta zake huwa mahali pa kuanzia chembe za chokaa. Bawa la valvu hukakamaa, halafu hupasuka pale linapojikunja. Viwanda hujibu kwa kuosha mafuta kwa alkoholi na kuziba ncha zilizo wazi kwa kemikali nyingine, na maisha ya valvu yamerefuka.

Lakini umri wa mgonjwa una nguvu kuliko matibabu hayo. Kwa mtu wa miaka 70 valvu ya tishu inaweza kudumu miaka 15 au zaidi. Kwa kijana, ambaye mwili wake bado unahamisha kalisi kwa kasi na kinga yake ni kali, mara nyingi huharibika kabla ya miaka kumi.

Uimara hupimwaje kabla ya valvu kufika kwa mtu? Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga takriban mara milioni 37 kwa mwaka. Kiwango cha kimataifa kinataka valvu ya tishu ifunguke na kufunga mara milioni 200 kwenye mashine ya kuchakaza, yaani kama miaka mitano na nusu, na ya chuma mara milioni 400. Mashine hiyo hupima uchovu wa kifundi tu. Haina damu wala kalisi. Kwa kalisi, vipande vya tishu huwekwa chini ya ngozi ya panya wadogo kwa wiki kadhaa, kisha valvu nzima huwekwa kwenye moyo wa kondoo mchanga kwa miezi kama mitano. Kondoo mchanga huchaguliwa kwa makusudi kwa sababu huweka chokaa haraka sana. Valvu inayomshinda kondoo haina dhamana ya miaka ishirini kwa binadamu. Imevuka tu kizuizi cha kwanza.

Kukarabati badala ya kubadilisha

Wakati kemia ikiendelea, Carpentier alishika upande wa pili: kwa nini kuitoa valvu ya mgonjwa mwenyewe kama inaweza kutengenezwa?

Valvu ya mitrali, kati ya atriamu ya kushoto (chumba cha juu) na ventrikali ya kushoto (chumba cha chini kinachosukuma damu), ina mabawa mawili, la mbele na la nyuma, yaliyoshikamana na ukingo wa nyama ngumu. Kingo huru za mabawa zimefungwa kwa kamba nyembamba zinazoshuka hadi misuli miwili ya papila kwenye ukuta wa ventrikali. Sehemu yoyote kati ya hizo ikiharibika, valvu inavuja. Madaktari walikuwa wakiyapanga magonjwa haya kwa jina la chanzo chake. Carpentier aliona kwamba mpasuaji anahitaji kujua jambo la vitendo zaidi: bawa linasogeaje?

Katika mpango wake, Aina ya I ni bawa linalosogea kawaida huku damu ikivuja kwa sababu ukingo umetanuka au bawa limetoboka. Aina ya II ni bawa linalopita kiasi, likachungulia ndani ya atriamu kwa sababu kamba imerefuka au imekatika. Aina ya III ni bawa lililozuiwa. Ndani yake kuna IIIa, ambapo linazuiwa wakati wa kufunguka na wa kufunga, na hiyo ndiyo sura ya baridi yabisi: mabawa mazito, kamba fupi zilizogandamana. IIIb ni bawa linalovutwa chini wakati wa kufunga tu, kwa sababu ventrikali imetanuka au misuli imepata ukosefu wa damu. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja, bawa la mbele likichungulia na la nyuma likiwa limezuiwa, na hali hiyo ni ya kawaida kwa wagonjwa wetu wa baridi yabisi.

Faida ya mpango huu ni kwamba mtaalamu wa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na mpasuaji wanazungumza lugha moja, na kila aina ina kazi yake mezani. Mwaka 1983 Carpentier aliueleza kwa ukamilifu katika hotuba mbele ya wapasuaji wa Marekani, na hadi leo ndio unaofundishwa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa akiwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, moyo husimamishwa na atriamu ya kushoto hufunguliwa. Daktari hushika kila kipande cha bawa kwa ndoano ndogo na kukilinganisha na kipande cha kwanza cha bawa la nyuma, ambacho mara nyingi kimebaki salama. Kama kipande cha katikati cha bawa la nyuma kimekatika kamba, kinakatwa kwa umbo la pembe nne na kingo zilizobaki zinashonwa pamoja. Siku hizi wengi hawakati. Huweka kamba mpya za uzi wa politetrafluoroethilini. Kisha inawekwa pete. Pete hii, ambayo Carpentier alianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1960, si ya kubana tu. Ukingo wa valvu iliyotanuka umepoteza umbo, umekuwa duara. Pete huurudishia uwiano wa takriban 3 kwa 4 kati ya kipenyo cha mbele-nyuma na cha kulia-kushoto. Saizi huchaguliwa kwa kupima eneo la bawa la mbele, na nyuzi hupitishwa kwenye ukingo wenyewe, milimita moja au mbili nje ya mkunjo wa bawa.

Makosa yanayojulikana ni haya. Uzi ukienda kina upande wa kushoto, unaweza kuukunja mshipa wa koronari unaozunguka moyo, na sehemu ya ventrikali ikakosa damu papo hapo. Karibu na kona ya kulia, pale mabawa mawili yanapokutana, kuna njia ya umeme wa moyo. Ikijeruhiwa, mapigo hushuka na mgonjwa anahitaji betri ya moyo. Mbele ipo valvu ya aota, nayo inaweza kunaswa na uzi. Bawa la nyuma likiachwa refu kupita milimita 15 hivi, au pete ikiwa ndogo kuliko inavyostahili, bawa la mbele husukumwa kwenye njia ya kutokea damu na kuiziba kila moyo unapopiga. Ndiyo maana kabla ya kufunga, ventrikali hujazwa maji ya chumvi kwa bomba la sindano ili mstari wa kukutana kwa mabawa uonekane. Unatakiwa uwe sawa na karibu na ukingo wa nyuma, na mabawa yalaliane kwa milimita nane hivi. Moyo ukianza kupiga tena, eko ya kupitia umio hutoa hukumu. Kama bado inavuja zaidi ya kidogo, mashine inawashwa upya na kazi inarudiwa siku hiyo hiyo. Kuacha uvujaji kwa matumaini kwamba utapungua wenyewe ndiko kunakorudisha wagonjwa mezani.

Baridi yabisi inavyokataa kutii

Kwa valvu ya baridi yabisi kukata kipande na kuweka pete hakutoshi. Mpasuaji huzitenganisha kona zilizoshikana, huondoa tabaka la kovu juu ya bawa, hukata kamba za pili, zile zisizoshika ukingo wa bawa, zilizolivuta chini, na mara nyingi hulipanua bawa kwa kiraka. Kiraka hicho ni utando wa moyo wa mgonjwa mwenyewe, uliokatwa dakika chache kabla na kulowekwa kwenye glutaraldehaidi ya asilimia 0.6 hivi kwa dakika kama kumi, kisha kukoshwa. Kemia ya valvu za nguruwe inatumika hapa kwa namna nyingine kabisa, na nadhani huu ndio uthibitisho bora wa thamani ya mpasuaji aliyekubali kukaa maabara.

Timu ya Broussais iliwafuatilia wagonjwa 951 wa baridi yabisi waliokarabatiwa mitrali na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Baada ya miaka 10, asilimia 82 hawakuwa wamehitaji upasuaji mwingine. Baada ya miaka 20, asilimia 55. Mwenye valvu iliyoharibiwa na uzee, akikarabatiwa na mikono hiyo hiyo, hufanya vizuri zaidi sana. Tofauti inatokana na ugonjwa: kovu linaendelea kukua, na shambulio jipya la homa huongeza jeraha juu ya jeraha.

Kwa hiyo sindano ya benzathini penisilini inayozuia shambulio jipya, yuniti milioni 1.2 kwa mtu mzima kila wiki nne, ni sehemu ya ukarabati wenyewe. Jaribio lililofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2022 liliwahusisha watoto na vijana 818 wenye dalili za awali kwenye eko. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Yaliyoshindikana na yaliyohamia kwa wengine

Si kila njia ya Carpentier ilifika. Mwaka 1985 alianza kwa binadamu upasuaji wa kuuzungushia moyo dhaifu msuli mpana wa mgongo na kuuamrisha ujikunje kwa umeme. Msuli wa mgongo huchoka upesi, hivyo ulifundishwa taratibu kwa wiki kadhaa hadi nyuzi zake zibadilike. Tatizo lilikuwa kwamba waliouhitaji zaidi ndio waliokuwa dhaifu mno kuvumilia upasuaji na kusubiri kipindi cha mafunzo, na wakati huo dawa za moyo kushindwa zikawa bora. Njia hiyo imeachwa.

Mradi wa moyo bandia kamili aliouanzisha na kampuni ya Matra mwaka 1993 ulifika kwa mgonjwa wa kwanza Desemba 2013 jijini Paris. Moyo huo una uzito wa gramu 900 hivi, na nyuso zake zinazogusa damu zimefunikwa kwa utando wa ng'ombe uliotibiwa. Mgonjwa huyo, mwenye miaka 76, aliishi miezi miwili na nusu hivi.

Mbegu iliyozaa kuliko zote ilichipuka kwa madaktari wa moyo wasiopasua kifua. Mwaka 2002 Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alikunja valvu ya utando wa mnyama ndani ya stenti, mrija wa wavu wa chuma unaoweza kutanuliwa, akaipitisha kwenye mshipa wa paja hadi kwenye valvu ya aota na kuifungua kwa puto. Bila tishu iliyotibiwa kwa glutaraldehaidi, inayovumilia kukunjwa bila kupasuka, hilo lisingewezekana. Njia hii imebadilisha maisha ya wazee Ulaya na Marekani. Kwa wagonjwa wetu msaada wake bado ni mdogo, kwa sababu stenti hujishika kwenye chokaa ya valvu ya mzee, na valvu ya kijana wa baridi yabisi mara nyingi haina chokaa ya kutosha kuishika. Watafiti wa Cape Town wanatengeneza valvu zinazojishika kwa njia nyingine, na za polima zinazokusudiwa kudumu kwa vijana.

Sasa mchukulie mwanamke wa miaka 22 aliyefika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au Taasisi ya Moyo ya Uganda akiwa na ugonjwa mkali wa mitrali, na anataka watoto. Kama njia ya valvu yake imebana tu na mabawa bado ni laini, puto la Inoue, la kuitanua kupitia mshipa wa paja, linaweza kumtosha kwa miaka. Kama inavuja, ukarabati ndio wa kwanza kufikiriwa, hata ukimpa miaka kumi au kumi na mitano tu, maana miaka hiyo inaweza kuwa ya kuzaa bila wafarini. Ukarabati ukishindikana, valvu ya tishu humwezesha kubeba mimba kwa usalama zaidi, na atambue mapema kwamba upasuaji wa pili unakuja. Valvu ya chuma inadumu, lakini wafarini kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba inaweza kumlemaza mtoto. Wafarini ikibadilishwa kwa heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande, isiyopimwa vizuri, ni valvu yake inayoganda. Anayeishi siku nzima ya safari kutoka kipimo cha INR cha karibu ana sababu moja zaidi ya kuikwepa.

Mapigo yake yakiwa yamevurugika, yaani atriamu inatetemeka, huenda akahitaji wafarini hata bila chuma. Jaribio kubwa la mwaka 2022 kwa wagonjwa wa baridi yabisi lilionyesha vifo vichache kwa dawa za kundi la wafarini kuliko kwa rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya zisizohitaji INR. Na valvu yoyote atakayowekewa, aondoke na kadi yenye aina, saizi na namba yake, aipige picha na kuwaachia nduguze nakala: daktari wa zamu atakayempokea usiku akihema anahitaji kujua hilo kabla ya kuamua lolote.